Mtoto akichelewa kuongea, anzia kwenye masikio

Mwanangu wa pili alifika miaka miwili na nusu ana maneno matatu tu: mama, bibi, na "ba". Hiyo ba ndo ilikuwa kila kitu, maji ba, kuku ba, mpira ba, anakuvuta mkono mpaka kwenye kitu halafu anakuangalia usoni, ukikosea analia mpaka anakohoa. Na mi nilitulia kwa sababu kila mtu aliniambia nitulie. Bibi yake kule Ujiji akasema watoto wa kiume ndo wanachelewaga, jirani akasema shida ni bibi kumwongelesha Kiha huku sisi tunamwongelesha Kiswahili, kichwa kinachanganyikiwa. Hospitali ya kwanza niliyompeleka wakasema ataongea tu, hata sikio hawakuliangalia, tukapoteza miezi pale na inaniuma mpaka leo.

Halafu likaja la kimeo, kale kanyama kanakoning'inia kooni. Jamani mama wenzangu, kwa hili naomba mnisikilize. Mzee wa kukata alishaitwa kabisa, baba mtoto ndo akagoma. Kimeo hakimzuii mtoto kuongea, na huko kukatwa watoto wanavuja damu, wanapata maambukizi, wengine wanapoteza maisha. Hata ule uzi wa chini ya ulimi, ukiwa mfupi sana unaweza kusumbua kunyonya na pengine kutamka sauti fulani, ila haumfanyi mtoto akae bila maneno. Na lugha mbili pia hazina kosa, Kigoma hapa watoto kibao wanakua na Kiha na Kiswahili na wanaongea zote, mwache bibi aongee chake.

Kilichonishtua ni mfuniko wa sufuria. Siku hiyo nachagua dagaa, mfuniko ukadondoka sakafuni pwaa, mtoto akageuka, nikasema basi anasikia. Baadaye kidogo nikamwita kwa sauti ya chini akiwa amenipa mgongo, kimya, nikamwita tena, kimya, nikapita mbele akaniona akacheka. Yaani alikuwa anasikia kishindo, maneno ya kawaida hayapati vizuri. Daktari wa masikio, pua na koo alipochungulia akakuta majimaji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio, yote mawili. Hayaumi, hayatoki usaha, kwa hiyo mzazi huwezi kujua, na mwanangu alikuwa mtu wa mafua kila mara. Mara nyingi yanakauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo tukasubiri akapimwa tena, sikio moja likawa safi, jingine bado, tukapanda treni mpaka Dar akawekewa kamrija kadogo kwenye ngoma ya sikio, majimaji yatoke.

Kwa hiyo usisubiri kama mimi. Mwaka mmoja awe anabwabwaja, ananyoosha kidole, anapunga bai. Mwaka na nusu awe na maneno kadhaa. Miaka miwili aunganishe mawili, "mama njoo", "taka maji". Mitatu, mgeni aelewe sehemu kubwa ya anachosema. Na mtoto aliyekuwa na maneno halafu yakapotea, huyo mpeleke wiki hiyohiyo, umri wowote. Wale wasiosikia kabisa nao wasikatiwe tamaa, Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, ila umri unahesabika sana.

Sasa sikio likipona maneno hayaji siku hiyo, ndo hapo mtaalamu wa tiba ya usemi anaingia. Nilidhani atamfundisha mtoto, kumbe alinifundisha mimi. Kwanza akanikataza "sema maji! sema!", kwa sababu mtoto anaona ni mtihani anafunga mdomo. Nichuchumae tuonane uso kwa uso, nitaje ninachofanya, nimpe kuchagua, "dagaa au maharage?", halafu NINYAMAZE, nihesabu moyoni mpaka kumi. Hiyo kunyamaza ilinishinda mwanzoni, mkono unataka kumpa tu yaishe. Akisema neno moja namrudishia mawili, yeye "boti", mi "boti kubwa". Tulikuwa tunashuka Kibirizi kule ziwani jioni boti zinaporudi, pale kuna vya kutaja mpaka uchoke. Katuni za kwenye simu nilizima, hazimjibu mtoto.

Kigugumizi ni kitu kingine, kinaanzaga sana kati ya miaka miwili na mitano na wengi kinaisha. Usimmalizie neno, usimwambie "tulia kwanza", msikilize mpaka amalize, na kikipita miezi sita au akianza kuogopa kuongea, tafuta mtaalamu.

Wangu sasa ana minne. Samaki bado ni "chamaki" na tunaendelea nayo, ila juzi alimsimulia bibi yake jinsi mbuzi alivyokula kanga kwenye kamba, mwanzo mpaka mwisho, bibi akaacha kumenya mihogo. Kabla hujaenda hospitali andika kwenye daftari maneno yote anayosema kwa wiki moja na anavyoyatamka. Ukimwonyesha daktari hilo daftari, si rahisi akuambie urudi nyumbani usubiri.