Naendesha masaa manne pawa stesheni haijai, tatizo betri au gari?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nasafiri sana kwa gari, nikanunua pawa stesheni (yaani betri kubwa ya kubebeka yenye soketi zake) ya wati-saa 1000 ili nikifika kambini niwe na umeme wa laptopu, taa na kifriji kidogo. Njiani naichomeka kwenye lile tundu la kuwashia sigara, naendesha kama masaa manne hivi, nikifika naikuta imepanda asilimia thelathini na kitu basi, wakati nyumbani kwenye umeme wa ukutani haimalizi hata masaa mawili imejaa. Nimeuziwa feki au tundu la gari ni bovu? Kuna jamaa ananiambia nitoe fyuzi ya tundu niweke kubwa zaidi, nifanye hivyo?

JIBU: Nzuri ndugu. Fyuzi usiiguse, naomba tuanze na hilo kabla sijagusa kitu kingine. Fyuzi ya lile tundu haikuwekwa kwa ajili ya pawa stesheni yako, iliwekwa kulinda waya, na waya wenyewe ni mwembamba, unapita nyuma ya dashibodi katikati ya plastiki na sponji na waya zingine kibao. Fyuzi ya kiwandani mara nyingi ni ampea 10, 15 au 20. Ukichomoa ya 15 ukaweka 30 hujaongeza umeme wowote, umeondoa mlinzi tu, siku mzigo ukizidi kitakachoungua ni ule waya, tena unaungua sehemu ambayo huioni na we uko barabarani. Huyo jamaa mwambie asirudie kumshauri mtu mwingine hivyo.

Sasa betri yako. Sio feki, piga hesabu mwenyewe utaona. Pawa stesheni nyingi zikichomekwa kwenye gari zinajizuia zenyewe zisivute zaidi ya ampea 8 au 10, kwa hiyo volti 12 mara ampea 8 ni kama wati 100 hivi. Masaa manne ni wati-saa 400, toa kinachopotea kama joto unabaki na 350 kitu hivi, ambayo kwa betri ya 1000 ndo ile thelathini na kitu unayoiona. Ukutani inavuta wati 600, 800 au zaidi, ndo maana inajaa haraka. Yaani unajaza pipa kwa kikombe, kikombe hakina kosa.

Ila kuna kitu kimoja kagua. Injini ikiwa inawaka angalia skrini, sehemu inayoonyesha wati zinazoingia. Ikisoma 95 mpaka 120 kila kitu kiko sawa. Ikisoma 40, au inapanda na kushuka kila gari likiruka shimo, plagi haijakaa vizuri. Baada ya nusu saa ishike ile plagi, vuguvugu ni kawaida, ikiwa moto mpaka unatoa mkono basi ile ncha ya springi mbele haigusi vizuri au tundu lina uchafu ndani, chomoa na usiendelee nayo hivyo.

Wapo wanaotumia inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, wanaichomeka kwenye tundu hilohilo halafu wanachomeka chaja ya ukutani kwenye inveta. Haisaidii. Tundu ni lilelile na fyuzi ni ileile, halafu umeme unapandishwa kuwa wa ukutani kisha unateremshwa tena kuingia kwenye betri, kila hatua inapoteza kidogo, na chaja ya ukutani ikijaribu kuvuta wati 600 fyuzi inakatika hapohapo.

Ukitaka kasi ya kweli kuna njia moja naiamini, chaja ya DC kwenda DC (inayochaji betri kwa umeme wa betri, bila kupitia umeme wa ukutani) iliyofungwa na fundi umeme wa magari moja kwa moja kutoka kwenye betri ya gari. Hii inachukua umeme wa alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, inaupandisha volti na kuupeleka kwenye pawa stesheni kupitia ule mlango wa sola (soma kwenye kitabu chake mlango huo unakubali volti ngapi, usikisie, ukizidisha unaua kifaa). Ya wati 500 betri yako inajaa kwa masaa mawili na kidogo. Lakini wati 500 kwa volti za gari ni ampea 40 hivi, hapo ndo waya unakuwa kila kitu. Kutoka betri mpaka buti tuseme mita 5, kwenda na kurudi ni mita 10, ukitumia waya wa milimita 6 za mraba unapoteza zaidi ya volti nzima njiani na waya unapata joto, ukitumia wa 16 unapoteza chini ya nusu volti. Na fyuzi yake ikae karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, sio kule buti, maana waya ukichubuka katikati ukagusa bodi ya gari, fyuzi ya buti haitajua chochote.

Muulize pia fundi alteneta yako ni ya ampea ngapi. Gari ndogo nyingi ni 70 mpaka 100, na usiku taa, feni, eyasii na waipa zinakula sehemu kubwa ya hiyo. Gari likiwa linaunguruma tu kwenye foleni alteneta inatoa pungufu zaidi na feni yake inazunguka polepole, inachemka. Kwa gari ndogo mimi ningeweka chaja kwenye wati 250 au 300 ningetulia. Na kama gari ni la miaka ya karibuni, lile ambalo kompyuta inashusha na kupandisha volti za alteneta, chaja iwe na waya wa kutambua kuwa swichi imewashwa, la sivyo itakuwa inajizima njiani bila wewe kujua kwa nini.

SWALI: Fundi, naweza kuiacha ikichaji usiku gari limezimwa?

JIBU: Hapana dada. Magari mengine tundu linakata umeme ukizima, mengine halikati, na hayo ndo yanaleta shida. Betri ya gari ya ampea-saa 60 ikivutwa ampea 8 haimalizi usiku, asubuhi unasikia tiki tiki tu injini haiwaki, na betri hizi za asidi zikikaushwa mara kadhaa hivyo zinakufa kabisa. Jaribu leo: zima gari, toa ufunguo, subiri dakika chache, kama skrini bado inaonyesha wati zinaingia basi kila ukipaki uwe unachomoa.

SWALI: Langu ni lori la volti 24, itakubali?

JIBU: Nyingi zinakubali volti 12 na 24, angalia kibandiko penye mlango wa kuingizia umeme. Kikisema 12/24 umebahatika, ampea 8 kwa volti 24 ni karibu wati 200, unachaji mara mbili ya mwenye gari ndogo. Ifunge mkanda isiteleze, na usiiache kwenye kebini iliyofungwa juani, betri ya lithiamu ikishafika digrii 45 hivi nyingi zinakataa chaji mpaka ipoe.