Maumivu ya bega kupungua si kupona

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuacha kuvaa mbeleko ya mkono (kitambaa cha kuutegemeza mkono shingoni) wiki ya 3 baada ya kushonwa kano ya bega, yaani uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa, kwa kuwa maumivu yamepungua. Nakusihi usiiache bila ruhusa ya daktari aliyekupasua, kwani maumivu hutulia mapema, ilhali kano huhitaji majuma mengi zaidi kushikamana na mfupa, na kuinua mkono kwa nguvu zako mwenyewe sasa kunaweza kuichana upya. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) kwanza huusogeza mkono huku misuli yako ikipumzika; mazoezi ya kuimarisha misuli huja baadaye. Vidole vichezeshe kila siku. Ukipata homa, usaha kidondani au ganzi mpya, rudi hospitali siku hiyo hiyo.