Ekari 160 za nyasi zisizowahi kulimwa: tupande dengu, au tuondoe ng'ombe?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tunaishi karibu na Swift Current, mkoa wa Saskatchewan, Kanada. Tumenunua ekari 160 zenye nyasi fupi, na aliyetuuzia alisema ardhi haijawahi kupita plau. Jirani mmoja anataka tumkodishie apande dengu. Mwingine, mpenzi wa ndege, anatusihi tuondoe ng'ombe wote ili ardhi ipumzike na ndege walio hatarini kutoweka warudi. Kwanza, tutajuaje kama hizi ni nyasi za asili kweli? Na kati ya hao wawili tumsikilize yupi? Halafu kuna hofu nyingine: akionekana mnyama adimu kwetu, serikali haitatunyang'anya ardhi?

JIBU: Wa dengu mkatalieni. Wa ndege ana nia njema, lakini mkifuata ushauri wake wote mtawafukuza baadhi ya ndege haohao anaowatamani. Hiyo ardhi inahitaji ng'ombe, ila si ng'ombe wa kuachiwa tu wajilishe watakavyo.

Tuanze na kuitambua, kwa sababu "haijawahi kulimwa" ni maneno ya kila muuzaji. Zungukeni uzio mzima na mtazame mawe. Barafu iliyowahi kufunika nchi hiyo iliyeyuka ikaacha mawe kila mahali, na mkulima yeyote aliyetaka kulima ilimbidi ayaokote na kuyarundika pembeni. Mkikuta marundo ya mawe kwenye kona za shamba na katikati kweupe, plau ilipita, muuzaji aseme asemavyo. Mkikuta mawe yametapakaa katikati, nusu yamezama ardhini na migongo imeota likeni (ukoga mkavu unaokwama juu ya mawe) za rangi ya chungwa, hiyo ni dalili nzuri. Jiwe kubwa lenye migongo laini na mtaro kulizunguka huenda lilikuwa mahali pa baisani, yule nyati wa Amerika Kaskazini, kujikuna. Na mkiona mawe yamepangwa duara, msiyaguse hata moja: ni alama za mahema ya wenyeji wa asili wa nyika hizo, yalipokuwa yakishikizwa chini dhidi ya upepo.

Baada ya mawe, pigeni magoti. Katikati ya mashina ya nyasi tafuteni mmea mgumu wa kijani-kijivu unaotambaa chini kabisa, Selaginella densa. Wafugaji wengi hawaupendi kwa kuwa ng'ombe hawali. Mimi nikiuona nafurahi, maana hukua polepole mno, na plau ikishaupita huchukua miongo mingi kurudi. Ukiwa umetanda shamba zima, muuzaji wenu alisema kweli.

Kisha nyasi zenyewe. Bouteloua gracilis utaijua kwa kichwa cha mbegu kinachokaa upande mmoja wa bua, kimepinda kama nyusi. Hesperostipa comata ina mbegu yenye mkia mrefu ambao hujisokota na kujisokotoa kadiri unyevu unavyobadilika, na kwa mzunguko huo mbegu hujichimbia udongoni yenyewe. (Hujichimbia kwenye soksi vilevile, kwa hiyo Julai vaeni buti.) Nyasi ya kuitilia shaka ni Agropyron cristatum, iliyoletwa kutoka Ulaya Mashariki na Asia, ikapandwa kwa wingi baada ya ukame wa miaka ya 1930 ili kushika udongo uliokuwa ukipeperushwa. Kazi hiyo iliifanya. Tatizo ni kwamba haikuishia pale ilipopandwa. Kichwa chake ni bapa chenye meno pande mbili, huota kwa vishungi vyenye udongo mtupu katikati, na mara nyingi bado unaweza kuona mistari ya mashine ya kupandia. Kipande chake kando ya barabara kisiwakatishe tamaa. Kikiwa ndio shamba zima, basi tunazungumzia malisho ya kupandwa, na jibu langu lingekuwa jingine.

Sasa dengu. Saskatchewan ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa dengu duniani, na silaumu mtu kwa kulima ardhi iliyokwisha kulimwa. Lakini nyasi hizi zimeweka sehemu kubwa ya mwili wake chini ya ardhi, na mizizi hiyo, pamoja na kuvu na wadudu wake, imejengeka kwa maelfu ya miaka tangu barafu iondoke. Plau huivunja kwa siku moja. Baadaye unaweza kununua mbegu za nyasi kadhaa za asili na kuzipanda, na zikaota vizuri tu, lakini jamii nzima ya mimea iliyokuwapo hairudi. Katika mkoa wenu kilichobaki cha nyika ya asili ni chini ya asilimia 20. Kodi ya jirani itawalipa kwa misimu michache, na hasara hiyo haina fidia.

Suala la ng'ombe linahitaji maelezo marefu zaidi. Kabla ya walowezi, nyika hizi zililiwa na makundi makubwa ya baisani na kuunguzwa na moto wa mara kwa mara, mwingine wa radi na mwingine wa kuwashwa na wenyeji. Kufikia miaka ya 1880 baisani walikuwa karibu wameisha wote. Waliochukua nafasi yao, kwa bahati zaidi kuliko kwa mpango, ni ng'ombe. Mwaka 1935 serikali ya Kanada iliunda idara ya kuokoa mashamba yaliyoharibiwa na ukame, na kutokana na kazi hiyo yakatokea malisho makubwa ya pamoja, ambamo spishi nyingi adimu ziliendelea kuishi kwa sababu ardhi ilikuwa na faida bila kulimwa. Mnyama anayekula nyasi ndiye aliyeilinda isipite plau. Hifadhi ya Taifa ya Grasslands, kusini mwenu karibu na mpaka wa Marekani, ilirudisha baisani mwaka 2005, na ng'ombe wa malisho wamewahi kutumika humo pia.

Ndege wenyewe hawakubaliani kuhusu urefu wa nyasi. Calcarius ornatus hupenda fupi, iliyoliwa. Anthus spragueii hutaka ya wastani, yenye masalio kidogo ya majani makavu ya mwaka uliopita, na hukwepa mahali penye miti. Ni ndege mdogo, wa rangi ya kahawia isiyovutia, lakini dume huimba akiwa juu angani, na amewahi kurekodiwa akiimba kwa takriban saa tatu bila kutua. Ndugu yake wa familia moja, Macronyx sharpei, anaishi katika nyanda za juu za Kenya kama Kinangop, na huko nako adui yake ni jembe linalogeuza malisho kuwa mashamba.

Bundi wa mashimoni, Athene cunicularia, naye hutaka nyasi fupi sana ili aone hatari ikija. Huko kwenu hachimbi shimo mwenyewe; huhamia mashimo yaliyoachwa na melesi, mnyama mchimbaji wa jamii ya nyegere, au kindi wa ardhini. Hukusanya mavi ya ng'ombe na kuyatandaza mlangoni, na mavi huvuta mende, naye bundi huwala mende hao. Makinda wake wakitishwa hutoa sauti inayofanana na ya nyoka mwenye njuga mkiani. Kwa hiyo shamba lisilo na ng'ombe, lisilo na kindi, lenye nyasi ndefu kila mahali, kwake ni jangwa.

Kwa vitendo, basi. Kama mna kipande cha Agropyron, kizungushieni uzio wa muda na mlishe hapo mwezi Mei, kwa kuwa huchipua mapema. Nyasi za asili ziacheni hadi mwishoni mwa Juni. Zitakuwa zimejiimarisha, na ndege wengi watakuwa wamemaliza awamu ya kwanza ya kutaga. Msiruhusu zaidi ya nusu ya nyasi ya mwaka iliwe. Mwaka wa ukame punguzeni idadi ya ng'ombe mapema, msingoje ardhi iwe nyeupe. Wala msitafute usawa: sogezeni chumvi na maji ili sehemu moja iliwe sana, nyingine kidogo. Mfugaji nadhifu hukereka akiona shamba la mabaka, lakini kila baka ni makao ya ndege tofauti.

Dawa ya minyoo ya aina ya ivermectin hutoka na mavi na kuua wadudu wanaoishi humo, ambao ni chakula cha bundi na ndege wengine. Zungumzeni na daktari wenu wa mifugo kuhusu kuitumia nje ya msimu wa malisho, na kwa ng'ombe wanaoihitaji tu. Sumu ya kindi msiweke. Mizoga yake huliwa na bundi, mwewe na mbweha. Miti ya kukinga upepo isipandwe katikati ya nyika. Kuhusu moto, katika ukavu wa eneo lenu sioni haja, na bila kibali na watu wenye uzoefu ni balaa.

Kwenye uzio, waya wa chini kabisa uwe laini, usio na miiba, sentimita 45 hivi kutoka ardhini. Antilocapra, yule anayefanana na swala na ambaye kwa mbio hushindwa na duma tu, mara chache huruka uzio. Hupita chini yake, na waya wenye miiba humchuna mgongo.

Hofu ya kunyang'anywa ardhi ni ya kawaida, na inafanya watu wakae kimya. Sheria ya Kanada ya spishi zilizo hatarini, ya mwaka 2002, kwa sehemu kubwa hufanya kazi kwenye ardhi ya serikali kuu, ingawa ndege wahamao na viota vyao wanalindwa hata kwenye ardhi ya mtu binafsi. Hata amri ya dharura ya mwaka 2013 ya kumlinda Centrocercus urophasianus, ndege mkubwa wa vichaka ambaye wakati huo Kanada ilikadiriwa kuwa na chini ya 150, haikugusa ardhi ya watu binafsi. Kwa upande wa bundi kuna mpango wa hiari uitwao Operation Burrowing Owl, ulioanza mwaka 1987: mwenye ardhi huahidi kutolima mahali pa kiota na kutoa taarifa za bundi anaowaona kila mwaka. Mnaweza pia kusaini mkataba wa kudumu wa uhifadhi unaozuia kulima lakini unaruhusu kulisha. Huo utamfunga hata atakayenunua baada yenu, kwa hiyo mpeni wakili ausome kwanza.

Kila Juni Saskatchewan huwa na wiki ya kuthamini nyika za asili. Nendeni wakati huo, mkutane na wafugaji na wataalamu wa mimea wa eneo lenu, na mmoja wao mwombeni aje kutembea nanyi shambani. Mpaka atakapokuja, jirani wa dengu msimsainie kitu.