Toyota MR-S au Mazda Roadster: lipi la kwenda nalo Lushoto?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Dar es Salaam na kazini naenda na IST. Kwa muda sasa nimekuwa nikiweka akiba ya gari la pili, la viti viwili, la kutembelea na mke wangu mwisho wa wiki. Nimebaki na mawili huko Japani ambayo bei zake zinakaribiana: Toyota MR-S ya 2001 yenye gia za SMT, na Mazda Roadster ya 2001, injini 1.8, gia za mkono. Rafiki zangu wananiambia Toyota, kwa kuwa spea zake zimejaa kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani. Mmoja tu amenitisha kwamba MR-S kwenye mvua inazunguka kama pia. Safari yetu kubwa ni Lushoto kwa wakwe. Nichukue lipi?

JIBU: Marahaba. Kwa hayo mawili uliyotaja, chukua Mazda. Nakwambia hivyo ingawa MR-S ni gari ninalolipenda sana, na nikipewa funguo zake leo sirudi nyumbani mapema.

Rafiki zako wamesema kweli kuhusu injini. MR-S inatumia 1ZZ-FE, ileile iliyomo kwenye Premio, Allion na Wish za 1.8, na fundi wa Dar asiyewahi kuifungua ni wa kutafuta. Lakini taa, turubai la paa, kioo chake cha nyuma, bampa na boneti havimo kwenye Premio. Hivyo utaagiza Japani, sawasawa na mwenye Mazda. Na hiyo SMT ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ndani mna gia za kawaida na klachi ya kawaida, ila pedali ya klachi haipo. Kazi ya mguu wako inafanywa na pampu ya haidroliki inayoamriwa na kompyuta. Pampu ikichoka, gia haziingii na gari linalala pale pale. Huku kwetu mafundi wanaoijua ni wachache mno. Kama ni MR-S, tafuta ya gia za mkono.

Mwaka nao una maana. Injini za 1ZZ za mwanzo zinakula oili. Pistoni zake zina matundu madogo ya kurudishia oili inayokwanguliwa ukutani mwa silinda. Matundu yakizibwa na masizi, oili inabaki juu na kuungua. Kwenye MR-S hilo ni baya kuliko kwenye Premio, kwa sababu ndani ya manifoldi ya moshi, karibu kabisa na injini, mna masega mawili madogo ya kusafisha moshi. Moshi wa oili unayaharibu, yanamomonyoka, na unga wake unaweza kuvutwa kurudi kwenye silinda na kuzikwaruza. Hapo oili inaliwa zaidi, na masega yanazidi kumomonyoka. Ukipata nafasi ya kukaguliwa gari kabla ya kulipa, mwambie mkaguzi afungue sensa mbili za oksijeni zilizo kwenye manifoldi amulike ndani kwa tochi. Masega yakiwa yamevunjika au yametoweka bila maelezo, achana nalo. Matoleo ya mwisho, yaliyoendelea hadi 2007, yalipewa pistoni zilizorekebishwa.

Sasa suala la kuzunguka kama pia. Rafiki yako ametia chumvi, lakini jambo lenyewe lipo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Injini ya MR-S imekaa nyuma ya viti, mbele ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito iko nyuma. Faida yake utaiona siku ya kwanza: usukani mwepesi, pua inageuka ukiigusa tu, na ukikanyaga mafuta tairi za nyuma zinashika barabara. Shida inakuja ukiingia kona kwa kasi, ukashtuka, ukaachia mafuta ghafla. Uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa na mzigo wa kuzikandamiza, na ule uzito mkubwa wa nyuma unataka kuendelea na safari yake ya moja kwa moja. Nyuma inatoka, tena haraka.

Na wewe umezoea IST. IST inavuta kwa tairi za mbele. Ukiachia mafuta konani, kwa kawaida inatulia tu. Mguu wako umeshajifunza kwamba ukiogopa, achia. Sasa fikiria unashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona, mvua ya Aprili, mke yuko pembeni, na lori linakuja juu. Sitaki ujifunzie hapo.

Roadster nayo inasukuma kwa tairi za nyuma, kwa hiyo heshima inahitaji. Tofauti ni kwamba injini iko mbele na uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Nyuma ikianza kuteleza inakupa taarifa, unapata muda wa kurekebisha usukani. Magari yote mawili yana uzito wa karibu kilo 1,000 na nguvu za kutosha.

Jambo jingine ni rejeta. Ya MR-S iko mbele, injini iko nyuma, na maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Fundi akimwaga maji na kujaza bila kutoa hewa kwenye vali zake, hewa inabaki njiani na gari linachemsha. Niliwahi kuletewa moja iliyobadilishwa rejeta gereji nyingine siku mbili kabla. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeshakwenda.

Mizigo: buti la Roadster linameza mabegi mawili laini. MR-S mbele kuna tairi la akiba, na nyuma ya viti kuna visanduku vya vitu vidogo. Zawadi za wakwe utaziweka wapi?

Adui wa Roadster ni kutu. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, inayoonyesha kasoro za gari, herufi S ni kutu na C ni chuma kilicholiwa. Ukiziona upande wa chini, liache. Usiamini picha, hasa gari likitoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Likifika bandarini na kukamilisha ushuru, badilisha mkanda wa taiming hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mpya. Muda wake ni karibu kilomita 100,000. Kisha fungua paa, mimina maji taratibu kwenye pembe za nyuma ya viti, mahali turubai linapojikunja, uchungulie chini. Yanatakiwa kutoka mbele ya tairi za nyuma, kulia na kushoto. Yasipotoka, matundu yameziba na maji yanaingia kwenye vizingiti vya chini ya milango, ambako ndiko kutu ya gari hili huanzia; yazibue siku hiyohiyo.