Makala yako ikiibwa mtandaoni: ushahidi kwanza, hasira baadaye

Mara ya kwanza kuikuta makala yangu kwenye tovuti ya mtu mwingine, niliitambua kwa maneno manne tu: "kama nilivyoeleza wiki iliyopita". Maneno hayo yalikuwa na kiungo, na nilipokibofya kikanirudisha kwangu mwenyewe. Mwizi alikuwa amebeba kila kitu, aya kwa aya, mpaka kosa la tahajia lililokuwa limenipita, kisha akaweka jina lake juu. Mikono ilinitetemeka. Nikamwandikia palepale barua ndefu ya hasira, nikamtajia kiungo na lile kosa kama alama za wizi wake.

Kesho yake kiungo hakikuwepo. Kosa limesahihishwa, na tarehe ya kuchapishwa imerudishwa nyuma, ikawa siku mbili kabla ya yangu. Mimi sikuwa nimepiga picha ya skrini hata moja.

Ndiyo maana wewe unayeanza kuandika mtandaoni nakuomba ulishike hili kabla ya mengine yote: ukigundua wizi, usimwambie mwizi chochote mpaka ushahidi uwe mkononi. Piga picha ya ukurasa mzima, anwani yake ionekane. Kisha nenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandaoni, bandika anwani ya ukurasa ulioibwa, uagize uhifadhiwe. Nakala hiyo inakaa kwenye hifadhi ambayo si yako wala si ya mwizi, ikiwa na tarehe ambayo yeye hawezi kuigusa. Fanya hivyo hivyo kwa makala yako siku ileile unayoichapisha. Ni kazi ya dakika moja, na tangu nilipojizoesha sijawahi tena kubishana na mtu kuhusu nani alitangulia.

Tunza pia rasimu. Ukiandikia Google Docs, historia ya matoleo inaonyesha makala ilivyokua siku baada ya siku, na aliyenakili na kubandika hana kitu cha namna hiyo. Kwa picha, usifute kamwe faili la awali. Lile lililotoka kwenye kamera huwa kubwa kuliko unalolipandisha, na kwa kawaida lina taarifa za ndani kama tarehe na aina ya kamera.

Wapya wengi huniuliza kama ni lazima wasajili kila makala. Kwa nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na ni karibu nchi zote duniani, hapana. Haki yako inazaliwa pamoja na kazi yenyewe, hata usipoweka ile alama ya hakimiliki. Usajili una faida zake mahali pengine. Marekani, kwa mfano, kazi iliyotoka nchini humo hudai usajili kabla ya kufungua kesi. Ila kudai tu kwamba maandishi yako yaondolewe hakuhitaji cheti chochote.

Lakini jua pia haki hiyo inaishia wapi. Hakimiliki hulinda namna ulivyolisema jambo, hailindi wazo. Mtu akiandika juu ya mada yako kwa maneno yake, na kwa utafiti wake, hajakuibia, hata kama inauma. Akinukuu sentensi mbili na kukutaja, amefanya jambo la halali. Weka makala zote mbili sambamba, uzisome taratibu kabla ya kumtuhumu mtu wizi, kwa sababu tuhuma hiyo huharibu jina.

Kuwatafuta wezi si kazi ngumu. Chukua sentensi isiyo ya kawaida kutoka katikati ya makala, ifunge kwa alama za kunukuu, uitafute. Usichukue ya mwanzo. Kichwa na sentensi ya kwanza ndivyo wanavyobadilisha mara nyingi. Picha zitafute kwa TinEye au Google Lens, zana zinazotafuta mahali picha yako ilipotumika.

Kuhusu kinga, nitasema wazi: zile programu za kuzuia kubofya kulia sizipendekezi kabisa. Zinamsumbua msomaji mwema anayetaka kunakili jina au kutafsiri neno, na mwizi hazimgusi, kwa kuwa mara nyingi hata hafungui ukurasa wako. Ana programu inayovuta mlisho wako wa RSS, yaani faili ambamo tovuti yako hutoa makala mpya kwa ajili ya programu nyingine, na kuchapisha yenyewe. Hapo ndipo pa kuziba. Weka mipangilio mlisho utoe muhtasari badala ya makala nzima. Halafu, ndani ya kila makala, weka viungo viwili vitatu vya makala zako nyingine. Programu hubeba vyote bila kusoma, na ndivyo mimi nilivyomgundua yule wa kwanza.

Ushahidi ukikamilika, andika barua fupi isiyo na matusi: kazi ni yangu, nilichapisha tarehe fulani, iondoe kufikia siku fulani. Wapo wanaoondoa na kuomba radhi. Asipojibu, achana naye, nenda kwa kampuni inayohifadhi tovuti yake. Itafute kwa zana za WHOIS, zinazoonyesha taarifa za usajili wa jina la tovuti, na za kuchunguza anwani za IP, yaani namba ya kompyuta inayoibeba tovuti. Kampuni za Marekani hufuata DMCA, sheria ya nchi hiyo ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998, na nyingi zina fomu ya kudai kazi iliyoibwa iondolewe. Taja kazi yako ilipo, taja anwani kamili ya kila ukurasa ulioibwa (ukiandika ukurasa wa mbele tu dai lako litarudishwa), weka mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa, tamko kwamba taarifa ni sahihi na kuwa wewe ndiye mwenye haki au umepewa mamlaka naye, kisha sahihi. Tamko la mamlaka lina uzito wa kiapo, kwa hiyo usilitie kwa kazi usiyo na uhakika nayo. Google nayo ina fomu yake, ila yenyewe huondoa matokeo ya utafutaji tu. Ukurasa unabaki palepale.

Mtuhumiwa anaweza kupinga. Akifanya hivyo, kampuni hurejesha ukurasa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa uwe umefungua kesi. Wezi wa kawaida hawapingi, kwa sababu kupinga kunawalazimu kutoa jina na anwani zao za kweli.

Wa pili aliyeniibia sikumwandikia neno hata moja kabla ya nakala ya Wayback Machine kukamilika. Hakujibu barua yangu, lakini kampuni iliyohifadhi tovuti yake ilijibu, na ukurasa ukaondolewa. Ile makala yangu ya kwanza bado iko kule, na tarehe yake ya uongo.