Clare Hollingworth hakubahatisha: jibu kwa mleta uzi

Mkuu, umeuliza kama yule mama Mwingereza aliyeiwahi dunia kwa habari ya Vita Kuu ya Pili alikuwa mwandishi hodari au alibahatika tu, maana hakuwa hata amemaliza wiki kazini. Mimi nimefanya kazi ya uripota wa kujitegemea mpakani, kwa hiyo swali lako limenigusa. Naomba nijibu kwa urefu.

Clare Hollingworth alizaliwa Leicester mwaka 1911. Agosti 1939 gazeti la Daily Telegraph la London lilimwajiri na kumpeleka Poland. Siku zake kazini zilikuwa chache kweli, ila wanaosema ni bahati wanairuka miezi iliyotangulia. Alikuwa ameshaishi Katowice, mji wa Poland uliokuwa karibu na mpaka wa Ujerumani, akiwahangaikia viza wakimbizi waliomkimbia Hitler. Waliopata msaada wake walikuwa maelfu. Mji aliujua, na konseli wa Uingereza pale walifahamiana. Ndiyo maana mpaka ulipofungwa, ukabaki wazi kwa magari ya kibalozi peke yake, alijua abishe hodi wapi. Akaazima gari la konseli lenye bendera, akavuka hadi Gleiwitz upande wa Ujerumani, akanunua vitu dukani, akageuza. Barabarani yalikuwa yametundikwa mapazia ya magunia kuficha bonde. Upepo ukayapeperusha, akaviona vifaru vya Wajerumani vimejipanga. Tarehe 29 Agosti gazeti likatoa habari ya vifaru 1,000 mpakani mwa Poland. Jina lake halikuwekwa.

Watu hukomea hapo. Mimi huwa narudia kilichotokea aliporejea Katowice: konseli hakumwamini kwamba ametoka Ujerumani, mpaka alipomwonyesha alivyonunua kule. Siku tatu baada ya habari kutoka, alfajiri ya Septemba mosi, mabomu yakaanza. Akampigia simu ofisa wa ubalozi wa Uingereza Warsaw, naye akamjibu kwamba haiwezekani, mazungumzo bado yanaendelea. Hollingworth akaunyoosha mkono wa simu nje ya dirisha ili asikie mwenyewe.

Kuona ni nusu ya kazi hii. Nusu ya pili ni kuaminiwa na mtu aliyekaa mbali, na nusu hiyo ndiyo iliyonitoa machozi mimi.

Mei 2015 nilikuwa Kigoma. Warundi waliokimbia machafuko kwao walikuwa wakimiminika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya MV Liemba iwachukue. Nilikwenda kwa boti. Nilikuta watu wamelala ufukweni bega kwa bega, wanakunywa maji ya ziwa hilohilo wanalojisaidia kandoni mwake, na wagonjwa wa kuhara na kutapika hawahesabiki. Nikapanda kilima kutafuta mtandao, nikatuma habari. Mhariri wangu akaniuliza, "Nani amethibitisha?" Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akasema tusubiri kauli rasmi. Habari ikalala siku tatu. Kipindupindu kilipotangazwa, ikatoka aya mbili tu, zikiegemea taarifa ya wakubwa. Simtaji, wala silitaji gazeti. Lakini wale watu wa ufukweni nawakumbuka mpaka leo.

Baadaye niliposoma habari ya Kim Philby nilihisi inanihusu. Philby, jasusi wa Uingereza aliyekuwa akiwatumikia Wasovieti kwa siri, alitoweka Beirut Januari 1963 akiwa anaandikia magazeti ya London. Hollingworth, wakati huo wa gazeti la The Guardian, hakukaa hotelini kukisia. Alikwenda bandarini kuuliza meli gani iling'oa nanga usiku ule, daftari la bandari likaonyesha ni meli ya Kisovieti iliyoelekea Odessa. Akaandika. Mhariri akaogopa kesi ya kashfa, akaikalia habari karibu miezi mitatu. Ilikuwa Julai serikali ya Uingereza ilipokiri hadharani kwamba Philby aliwatumikia Wasovieti. Ona tofauti yake na mimi: nilikuwa na macho, sikuwa na daftari la bandari, na bado hata yeye mwenye daftari aliwekwa foleni!

Mengine nayapitia haraka. Jenerali Montgomery wa Uingereza hakutaka waandishi wanawake kwenye jeshi lake Afrika Kaskazini, akamrudisha Cairo, naye akaenda kujiunga na Wamarekani Algiers. Aliripoti vita vya Algeria, akaripoti Vietnam. Mwaka 1973, ameshapita miaka 60, Telegraph ikamweka Beijing. Uzeeni alihamia Hong Kong, na macho yalipofifia akawa anasomewa magazeti. Alifariki huko Januari 2017 akiwa na miaka 105.

Kwa hiyo mkuu, kama unafikiria kuingia kazi hii nje ya nchi, usianze na kamera. Anza kukaa mahali, ujuane na mwenye gari, na karani wa bandari, na muuguzi wa zahanati. Mimi tangu Kagunga kila safari natunza tiketi ya boti, naandika saa niliyofika, na kabla sijapiga simu kwa mhariri nahakikisha kuna mtu wa pili aliyeona nilichokiona na yuko tayari kupokea simu yake.