Pasi Ilinaswa, Lakini Kosa Lilianzia Wapi? Ushauri kwa Wanaoanza Kuchambua Makwotabeki wa NFL

Wengi wanaoanza kufuatilia futiboli ya Marekani huanzia kwenye jedwali la takwimu. Huona kwamba pasi 15 za kwotabeki fulani, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, zilinaswa na wapinzani, na za mwenzake 8 tu, wakahitimisha kwamba wa kwanza hajui kuamua. Baada ya miaka ya kuitazama michezo hii na kuichambua pamoja na vijana wanaojifunza, ningependa mlishike jambo hili mapema: hesabu ya mipira iliyopotea hutuonyesha hasara, ila haisemi nani aliianzisha wala ilianza katika sekunde gani. Kazi ya mchambuzi ni kuirudia sekunde hiyo na kuuliza kwotabeki alikuwa akiona nini.

Anzeni kwa kubadilisha picha mnayoitazama. Kamera ya televisheni huufuata mpira, kwa hiyo mabeki wa nyuma huwa nje ya picha wakati ule ule ambao kwotabeki anawatazama wao. Tangu mwaka 2012 NFL, ligi kuu ya mchezo huu, imewawezesha mashabiki kulipia picha za kutoka juu zinazoonyesha wachezaji wote 22, na kwa anayetaka kujifunza sioni matumizi bora ya fedha zake. Simamisheni picha kabla mpira haujaanza kuchezwa, hesabuni mabeki waliosimama mbali nyuma, kama ni mmoja au wawili, kisha iacheni picha iende kwa sekunde moja na mhesabu tena. Mara nyingi mtakuta hesabu imebadilika, kwa sababu mabeki wa ligi hii husimama kwa namna moja na kucheza kwa namna nyingine, makusudi kabisa, ili kwotabeki aamini alichokiona mwanzo. Kocha huruhusiwa kuzungumza naye kupitia kofia, lakini mawasiliano hayo hukatwa zinapobaki sekunde 15 kwenye saa inayohesabu muda wa kuanzisha mchezo. Mpira ukishamfikia mkononi, ana takribani sekunde mbili na nusu hadi tatu za kutambua hila hiyo na kuchagua.

Baada ya mabeki, tazameni miguu yake. Bill Walsh, alipokuwa kocha wa San Francisco 49ers, alifundisha kwamba hatua za kurudi nyuma ziende sambamba na mpangilio wa kuwatazama wapokeaji, hivi kwamba hatua ya mwisho inapotua, uamuzi juu ya mpokeaji wa kwanza uwe umekwisha fanyika, na kama hayupo huru macho yahamie kwa wa pili bila kubembeleza. Joe Montana, aliyelelewa katika mafunzo hayo, alirusha pasi 122 katika Super Bowl nne, yaani fainali za ligi, na hakuna hata moja iliyonaswa. Ukiona kwotabeki amesimama, miguu imetulia, na bado anamkodolea macho mpokeaji yule yule, hatari imekwisha kuanza hata kama pasi hiyo itafika salama. Ndiyo maana nawahimiza mhesabu pia pasi ambazo beki aliziwekea mikono yote miwili zikamponyoka. Jedwali huziandika kama pasi zisizokamilika tu, ilhali uamuzi ulikuwa mbovu vilevile.

Mfano ninaopenda kuutumia ni Jameis Winston mwaka 2019 akiwa na Tampa Bay Buccaneers. Alirusha yadi 5,109 na tachidauni 33 (mpira kufikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani), na pasi zake 30 zikanaswa, akawa wa kwanza katika historia ya ligi kufikisha 30 pande zote mbili katika msimu mmoja. Saba kati ya hizo 30 zilirudishwa na wapinzani hadi kuwa tachidauni, na ya mwisho ilikuwa katika muda wa nyongeza dhidi ya Atlanta Falcons, ikaumaliza mchezo na msimu kwa pamoja. Kwa haki yake, kocha Bruce Arians alitaka pasi ndefu, na pasi ndefu huleta hatari. Hata hivyo, mwaka uliofuata Tom Brady alicheza chini ya kocha huyo huyo, akiwarushia Mike Evans na Chris Godwin wale wale, na pasi zake 12 tu ndizo zilizonaswa katika msimu wa kawaida, kisha timu ikatwaa Super Bowl. Timu ile iliongezewa wachezaji wengine pia, kwa hiyo msiuchukue ulinganisho huu kama kipimo cha maabara, ila unaonyesha ni kiasi gani cha hasara kinaweza kutoka kwenye macho na hukumu ya mtu mmoja.

Msije mkafikiri kwamba dawa ni woga. Mwaka 2018 Aaron Rodgers wa Green Bay Packers alirusha pasi 597 na mbili tu zikanaswa, namba ambayo ukiitazama peke yake ungedhani timu yake ilitisha, kumbe ilishinda michezo 6, ikafungwa 9 na kutoka sare mmoja. Mara nyingi aliutupa mpira nje badala ya kujaribu kitu. Kila jaribio linalotupwa ni moja kati ya majaribio manne ya kusonga yadi 10, na timu inayoyatumia hovyo huurudisha mpira kwa wapinzani kwa njia ya polepole ambayo hakuna anayeiandika kama kosa. Kwa maoni yangu, kwotabeki ambaye pasi zake hazinaswi kabisa anastahili kuchunguzwa kwa makini sawa na yule ambaye zake hunaswa kila wiki.

Uamuzi hauwezi kupimwa bila kutazama matokeo ya wakati huo, jaribio lililopo na muda uliobaki. Katika fainali ya NFC, mojawapo ya kanda mbili za ligi, Januari 2010, Minnesota Vikings na New Orleans Saints walikuwa sare 28 kwa 28, zikiwa zimesalia chini ya sekunde 20. Vikings walikuwa wametoka kuadhibiwa yadi 5 kwa kuwa na wachezaji 12, badala ya 11, kwenye mkusanyiko wao wa kupanga mchezo, lakini mpira ulikuwa bado kwenye yadi ya 38 ya Saints, umbali ambao mpigaji wao angeweza kujaribu kufunga kwa teke. Brett Favre alikimbilia kulia, mbele yake kukiwa na uwanja wa kupata yadi chache, kisha akageuza mkono na kurusha katikati ya uwanja, kinyume na mwelekeo wa mwili wake. Tracy Porter aliinasa, na Saints wakashinda katika muda wa nyongeza. Pasi ya kuchelewa inayokatiza katikati ya uwanja ndiyo ambayo makocha wa ngazi zote hukataza, kwa sababu mkono hauna msaada wa miguu na mabeki wote wamekwisha kugeuka kuutazama mpira. Hapo hatari haikuwa na faida ya kuifidia.

Linganisheni na Super Bowl ya Februari 2015. Seattle Seahawks walikuwa nyuma 28 kwa 24, yadi moja kutoka kwenye mstari wa tachidauni, na Russell Wilson akarusha pasi ambayo Malcolm Butler wa New England Patriots aliinasa. Butler alikuwa amekutana na mchezo huo huo mazoezini na akafungwa, kwa hiyo alipoona wapokeaji wawili wamejipanga pamoja alikwenda kabla. Wilson aliona upenyo, na upenyo ulikuwepo hadi Butler alipoufunga. Mtu anaweza kubishana na benchi kwa kuchagua pasi, lakini mimi sihesabu mchezo ule miongoni mwa maamuzi mabaya ya kwotabeki.

Mpira kumponyoka mchezaji ni somo jingine, na wengi hulipuuza. Katika Super Bowl ya Februari 2023 Jalen Hurts wa Philadelphia Eagles alicheza vizuri sana, ila mara moja alipokuwa akihamisha mpira kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ulimdondoka bila kuguswa, Nick Bolton akaukimbiza hadi tachidauni, na Eagles wakafungwa kwa tofauti ya alama 3. Matt Ryan wa Falcons naye alipigwa na Dont'a Hightower na kuupoteza mpira mwaka 2017, timu yake ikiongoza 28 kwa 12 katika robo ya nne, lakini pale mwenzake aliyepaswa kumkinga alishindwa kumzuia adui. Andikeni matukio hayo mawili katika safu tofauti za daftari.

Mkimchambua kijana wa mwaka wa kwanza, mpeni muda. Pasi 28 za Peyton Manning zilinaswa mwaka 1998 na Indianapolis Colts wakashinda michezo mitatu tu. Mwaka uliofuata zilikuwa 15 na timu ikashinda 13. Josh Allen wa Buffalo Bills hakuwa kijana tena zilipofika 18 mwaka 2023, na mwaka 2024 zilishuka hadi 6, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Kwa wachezaji kama hawa, tafuteni kama kosa la Septemba linajirudia Desemba: beki yule yule wa kati asiyeonekana, mguu ule ule usiotua, jaribio la tatu lile lile lililolazimishwa.